Maneno ya Nchi Kavu

Juma lililopita nilivuka mto kwenda Alunguli kumtazama rafiki yangu anayesumbuliwa na magoti. Siku hizi mitumbwi mingi ina mota, na ule tuliopanda ulibeba watu wapatao ishirini, mbuzi wawili na pikipiki moja iliyolazwa katikati kama mgonjwa. Mbele yangu alikaa binti mmoja amevaa koti jeupe la uuguzi, koti jipya, mistari ya pasi bado inaonekana. Simu yake ikalia. Akasikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kushindana na mota: "Yule mzee wa kitanda cha tatu? Amekufa? Basi waiteni ndugu zake." Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kutazama maji.

Abiria wote waligeuka kumtazama. Mama mmoja mwenye beseni la mikate alilifunika kwa kitambaa, na mwenye mota alinitazama mimi mzee wa watu kana kwamba ananiuliza, huyu ni wenu? Ni wetu, ndiyo. Ni muuguzi kama nilivyokuwa mimi kabla sijastaafu, na wenzake wanakuja kila mwaka kutoka Kinshasa, Kananga na Bukavu, wamejaa elimu na hawajui kupanda mtumbwi.

Sikumkaripia. Ningemkaripia kwa mdomo gani? Mimi mwenyewe nilifanya vibaya kuliko yeye, tena bila simu. Ndiyo maana leo nimekaa barazani na daftari la mjukuu wangu, niwaandikie ninyi wauguzi vijana mnaotumwa kufanya kazi Kindu. Mambo ya sindano na vidonge mnayajua kunishinda. Nitasema tu yale niliyojifunza mtumbwini, kwa sababu shuleni hayakuwepo, na bila hayo nisingeweza kazi hii hata mwaka mmoja.

Nilifika Kindu kwa treni kutoka Lubumbashi, pamoja na mume wangu na binti yetu Ngoie, aliyekuwa bado ananyonya. Mume wangu alikuwa mashinisti, yaani ndiye aliyeendesha kichwa cha treni, na wakubwa wake walimhamishia huku mwisho wa reli. Tukapewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi karibu na stesheni. Mimi nikapangiwa kituo kidogo cha afya ng'ambo ya pili, Alunguli. Daraja hakuna. Kati ya kitanda changu na kazi yangu ulipita mto Lualaba wote, kwenda asubuhi, kurudi mchana ukiisha.

Asubuhi ya kwanza niliteremka kivukoni nimevaa viatu vya kisigino, fikirieni! Nikaingia mtumbwi wa kwanza niliouona, nikakaa, nikamuuliza mpiga kafi: "Baba, tutafika saa ngapi?"

Alikuwa mwanaume mwembamba wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, hasira zake karibu. Jina lake Papa Amisi. Aliweka kafi chini, akanyoosha mkono kuuonyesha mto. "Mama, mimi niko mupiga kafi tu. Kama ni saa, uliza huyu mwenye njia."

Watu wakacheka. Nyuma yangu palikuwa na mwanamke mnene mwenye mifuko ya chumvi na sabuni, aliyekuwa akivuka kila siku kwenda kuuza Alunguli. Huyo ni Mama Zaina. Akanigusa bega, akasema: "Umeingia mu nyumba ya watu bila hodi, na mara moja unauliza chakula iko wapi. Simama, salimia watu."

Nikasimama na visigino vyangu, nusura nianguke majini, nikasalimia. Na hata hivyo nilikosea tena, kwa sababu nilianza na Papa Amisi. Katika kivuko chetu mpiga kafi alisalimiwa wa mwisho. Unaingia, unashika ubavu wa mtumbwi, unasalimia waliokaa mbele, kisha waliokaa nyuma, ndipo unamgeukia yeye. Akiitikia, anasukuma. Ukimsalimia kwanza, ni kama umemwambia aondoke kabla wenzako hawajakaa, na atakutazama mpaka ujute.

Baada ya hapo ndipo salamu zenyewe zinaanza. Habari ya kulala? Habari ya nyumba? Habari ya watoto, ya mwili, ya kazi, ya wale uliowaacha kwenu? Na jibu ni moja: muzuri. Paa limevuja usiku kucha, muzuri. Mke amerudi kwao na masufuria yote, muzuri tu. Mimi nilitoka Lubumbashi, mji wa king'ora cha migodi, mahali mtu anapokuuliza habari huku tayari amekupita. Nikaona hawa watu wanapoteza muda. Nikawa najibu kwa mkato, muzuri, muzuri, muzuri, na macho nimeyaelekeza ng'ambo. Papa Amisi akanibatiza jina. "Huyu ni Mama Filimbi," aliwaambia abiria. "Njo bibi wa treni kabisa. Haisalimie muntu, inapiga tu filimbi, inapita." "Njo" kwao ni "ndiye", na "bibi" ni mke. Jina likashika. Hata wagonjwa wangu walilijua kabla sijawaambia langu.

Nilichukia jina hilo kwa miezi kadhaa, na kiburi changu kingenizuia kujifunza, kama si mtoto mmoja. Mama yake alimleta kituoni amembeba mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza habari, akasema muzuri. Mtoto je? Muzuri. Nikampa dawa ya minyoo, nikaandika, nikaita mwingine. Jioni ile tukajikuta mtumbwi mmoja, yule mama na mimi, naye anarudi kwake Mikelenge, upande wetu wa mto. Mama Zaina akaanza kumsalimia bila haraka. Habari? Muzuri. Ya nyumba? Muzuri. Na huyu mutoto mugongoni? "Muzuri..." akasema yule mama, akakaza kitambaa cha kumbebea, "lakini tangu jana hanyonye."

Nilimshika mtoto shingoni. Ilikuwa ya moto, na imekakamaa. Sikuhitaji kusema neno, Papa Amisi alikuwa ameshageuza mtumbwi kurudi Alunguli. Hakuna abiria aliyenung'unika. Mtoto alipona, na leo ana ndevu, lakini aibu yangu ya jioni ile haijapona vizuri hata sasa. Nilikuwa na diploma, na muuza chumvi ndiye aliyeupata ugonjwa.

Basi shikeni hili. Hapa mgonjwa anayekwambia "muzuri" hajakudanganya. Amekufungulia mlango tu. Neno lenyewe linakuja mara ya tatu, na linakuja limefuatana na "lakini". Muuguzi mwenye haraka hawezi kulisikia, kwa sababu ameshaita jina la mwingine. Mtaniambia foleni ni ndefu, wagonjwa ni wengi. Najua. Uliza huku unafunga bandeji, uliza huku unanawa mikono, lakini uliza mara tatu.

Na msije mkadhani Papa Amisi alikuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno, alisema uongo kuhusu samaki, na mtu huyu aliyepita kwenye maji makali bila kufumba macho alikuwa anaogopa sindano kuliko mamba. Mwaka mmoja tulipofika kivukoni kuchanja watu, alijificha chini ya mikeka katika mtumbwi wake mwenyewe, wenzake wakatuonyesha kwa vidole. Nikashika ubavu wa mtumbwi, nikaanza kuusalimia mkeka. Habari ya kulala? Habari ya nyumba? Habari ya bibi yako, ya nyavu zako, ya kofia yako? Kutoka chini sauti ikawa inajibu muzuri, muzuri, kwa adabu, maana salamu haikataliwi. Nikauliza: "Na mkono wako?" Akacheka, mkeka ukatikisika, mkono ukatoka wenyewe. Siku ile alikiri mbele ya watu kwamba Mama Filimbi ameanza kuwa mtu.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, lile lililofanya nisimkaripie yule binti wa simu.

Kituoni kwetu alilazwa mwanaume mmoja, ndugu yake Baba Sefu fundi viatu. Alikufa saa sita mchana. Mkuu wa kituo akaniambia, kwa kuwa unavuka kwenda nyumbani, pitia kwao uwaambie. Nikateremka mtoni, na nani yuko mtumbwini? Baba Sefu mwenyewe. Alikuwa shambani upande ule tangu alfajiri, hakupitia kwetu. Tukasalimiana vizuri, wakati huo nilishajua. Tulipofika katikati ya mto akanigeukia: "Mama muganga, na ndugu yangu leo ameamuka namna gani?"

Shuleni walitufundisha kwamba ndugu wa mgonjwa hadanganywi. Nikasema: "Pole, baba. Amefariki mchana huu."

Baba Sefu alisimama. Alisimama wima katikati ya Lualaba, mikono kichwani, na mtumbwi ukalala ubavu. Maji yakaingia. Chumvi ya Mama Zaina ikawa mchuzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto alipiga kelele ambayo bado naisikia nikiwa na homa. Papa Amisi alipiga kafi kwa nguvu upande wa pili akifoka, "Kaa! Kaa chini, baba!" na Mama Zaina akamshika Baba Sefu mshipi wa suruali, akamvuta kwa uzito wake wote hata wakaanguka pamoja chini ya mtumbwi. Hakuna aliyezama. Tulichukuliwa na maji mbali sana chini ya kivuko, tukakwama kwenye matete, na pale kwenye tope Baba Sefu akapiga magoti, akalia kilio chake.

Papa Amisi alingoja mpaka wanawake wamemzunguka. Kisha akaja kwangu. Nilitegemea matusi, ningefurahi hata kupata matusi. Akasema pole pole: "Ulisema kweli. Sikatae. Lakini ulisema mu fasi gani? Ku inchi kavu, muntu akianguka, udongo inamupokea. Watu wanamushika. Huku ku maji, nani atamupokea?"

Nikamuuliza, kwa hasira ya mtu mwenye hatia, kama alitaka niseme uongo.

"Hapana uongo. Akiuliza, unasema: tuvuke kwanza. Hayo njo maneno ya inchi kavu."

"Na akielewa palepale?"

"Ataelewa akiwa amekaa," akasema, akaenda kukausha mtumbwi.

Tangu siku hiyo sikutoa tena habari ya kifo juu ya maji. Na si juu ya maji tu. Kituoni nikaanza kutazama mtu amesimama wapi kabla sijafungua mdomo: kama ana mtoto mkononi, nani yuko karibu wa kumshika, kama pana mkeka. Nililitia neno lile katika kila kazi. Kuna watu walisema Mama Filimbi amepoa. Sikupoa. Niliogopa tu kumwangusha mtu mahali pasipo na udongo.

Kisha vita vikaja.

Sitawapa historia ya vita, wako wanaoijua kuliko mimi. Nitasema kilichonipata. Asubuhi moja mume wangu aliitwa aendeshe treni kwenda kusini, imejaa watu wanaokimbia. Alisema atarudi baada ya juma moja. Alikuwa ameanika suruali yake nzuri uani, akasema usiianue, itakuwa imekauka nikirudi, akacheka mwenyewe kwa mzaha wake. Treni iliondoka. Nyuma yake reli ikakatika, sehemu moja, kisha nyingine, na Kindu ikabaki imefungwa pande zote. Mimi nikabaki na Ngoie, na suruali.

Chumvi ikawa ya kupimwa kwa kijiko. Tulifua bandeji mpaka zikawa nyuzi. Kuna siku watu wenye bunduki walikataza kuvuka, na wagonjwa wa upande huu walitazama kituo changu ng'ambo bila kukifikia. Siku wakiruhusu, Papa Amisi alikuwa wa kwanza majini. Na mimi kila asubuhi, nikishamaliza salamu, niliuliza neno moja: "Kuna habari ya treni?" Maana watu walikuwa wanakuja kwa miguu wakifuata reli, wengine wanasukuma baiskeli zenye mizigo, na habari zilifika kivukoni kabla ya mahali pengine popote.

"Bado, mama," abiria walinijibu.

Mwanzoni niliuliza kwa tumaini, baadaye kwa hofu. Mwisho neno hilo likaingia ndani ya salamu zenyewe. Mama Zaina alikuwa akinisalimia: "Habari ya kulala? Ya mutoto? Treni?" Nami najibu: "Bado." Mtu mgeni angetuona wendawazimu. Lakini niwaambie kweli, ile "bado" ndiyo iliyonibeba. Bado si hapana. Niliweza kufanya kazi siku nzima juu ya neno dogo kama hilo.

Asubuhi moja nikateremka kivukoni na kukuta mtumbwi umejaa. Wanawake sita wa kambi yetu ya reli walikuwa wameshakaa, kila mmoja na kikapu kitupu. Walinzi wa kivukoni walipowauliza wanakwenda wapi, wakasema wanakwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo. Nilistaajabu kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na shamba ng'ambo. Nikasalimia mbele, nikasalimia nyuma, nikamgeukia Papa Amisi.

"Jambo, Papa Amisi."

"Jambo sana, Mama Ngoie," akajibu.

Hakuwahi kuniita hivyo. Akasukuma mtumbwi, akaanza: nimelala namna gani, nyumba iko namna gani, Ngoie amekula nini jana, mama yangu kule Lubumbashi ni mtu wa umri gani, je, miguu haiumi kwa kutembea? Mtu huyu aliyenitania kila siku ya Mungu aliniuliza habari ya miguu yangu, na macho yake yalikuwa kwenye maji. Mama Zaina alihama mahali pake, akaja kukaa amebanana nami, akachukua begi langu akaliweka kwenye mapaja yake.

Nikauliza: "Kuna habari ya treni?"

Hakuna aliyesema bado.

Mama Zaina akanishika mkono. "Tuvuke kwanza, mama," akasema.

Tulikuwa katikati ya mto. Nilielewa, na nilielewa nikiwa nimekaa. Nilitazama vile vikapu vitupu, nikajua kwamba wanawake wale walikuwa wanavuka kwa ajili yangu, kunipokea upande wa pili. Mwili wangu ulitaka kusimama. Naapa ulitaka. Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza: nikarudisha salamu. Nikamuuliza Papa Amisi habari ya bibi yake. Nikamuuliza habari ya nyavu. Nikawauliza wanawake mmoja mmoja habari ya watoto wao kwa majina. Kila mmoja akajibu muzuri huku machozi yanamtiririka, nami nikaendelea kuuliza mpaka mtumbwi ukagusa mchanga.

Aliyekuja na habari alikuwa Kalenga, msaidizi wa mume wangu kwenye kichwa cha treni. Wavuvi walikuwa wamemfikisha Alunguli alfajiri, mguu umevimba, akaomba habari ile aniambie yeye mwenyewe na si mtu mwingine. Papa Amisi ndiye aliyelipeleka neno kambini katika safari yake ya kwanza. Nilimkuta Kalenga kwenye benchi la kituo changu. Nilikaa. Nilimwosha mguu kwanza, kwa sababu alikuwa mgonjwa wangu, kisha nikamwambia aseme. Akasema mume wangu alikufa kwa malaria katika kituo kidogo cha reli kusini mwa Kibombo, treni imesimama, hakuna mafuta ya kuendelea wala njia ya kurudi. Walitafuta kinini, dawa ya malaria, wakakosa. Walimzika kando ya reli.

Mimi nilikuwa na kinini kabatini. Si nyingi, lakini ilikuwepo, hatua tano kutoka benchi lile. Niliwatibu waume wa watu kwa kinini hiyo wakati wote wa vita.

Wanawake wakatandika mkeka, nikalia kama inavyotakiwa, nikashikwa kama inavyotakiwa. Juma lililofuata nilirudi kazini. Wagonjwa walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Ukweli ni kwamba habari ya ile kinini sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kila mmoja alikuwa na kaburi lake. Nililia kwa kipimo, kama tulivyopima chumvi, na kilichobaki nilikifungia.

Vita vilipokwisha, ilichukua muda mrefu kabla reli haijatengenezwa. Kisha siku moja ikatangazwa kwamba treni ya kwanza inaingia kutoka kusini. Mji wote ulikwenda stesheni. Watoto walipanda juu ya mapaa, kwaya zilivaa sare, wanawake walibeba matawi. Ngoie, ambaye sasa alikuwa msichana, alivaa gauni lake jipya, akaniuliza kama naja. Nikamwambia nenda, nitakufuata. Nikateremka mtoni.

Kivuko kilikuwa kitupu. Papa Amisi peke yake alikuwa amekaa mtumbwini, nywele zimeshakuwa nyeupe, anaona wivu. "Wote wako ku gare," akanung'unika. "Hata muntu moja wa kuvuka haiko. Treni gani hiyo ya kuharibia watu kazi?"

Niliingia. Mbele hapakuwa na mtu, nyuma hapakuwa na mtu. Nikamsalimia yeye, akasukuma. Hakuniuliza nakwenda wapi, nami sikujua. Tulipofika katikati, filimbi ya treni ikalia kutoka upande wa stesheni, ndefu, kisha watu wakashangilia kwa sauti iliyofika mpaka majini. Papa Amisi akaacha kupiga kafi. Mtumbwi ukaanza kuteremka taratibu na maji.

"Mama Ngoie," akasema, "bwana yako alikuwa muntu wa namna gani?"

Nilimtazama. "Papa Amisi, hayo ni maneno ya nchi kavu."

"Ninajua. Ku inchi kavu umekaa nayo miaka yote, na haijatoka." Akateremka kutoka mahali pake, akakaa chini kabisa, akaweka mguu mmoja ubavu huu na mwingine ubavu ule, akashika mbao kwa mikono miwili. "Sema hapa. Leo hakuna abiria."

Nikasema. Nilisema kwamba aliimba vibaya na hakujua. Nilisema habari ya suruali ile, kwamba niliianua mwenyewe ilipoanza kuchanika. Nilisema habari ya kinini, kabati gani, rafu ya ngapi, chupa ya rangi gani. Niliposema rangi ya chupa nilisikia sauti inanitoka ambayo sikuwahi kuitoa hata kwenye mkeka, na nikasimama. Mimi, baada ya miaka yote ile, nikasimama wima katikati ya Lualaba.

Mtumbwi ukalala upande. Papa Amisi akaegemea upande wa pili kwa mwili wake wote, mishipa imemtoka shingoni, kofia yake ikaanguka majini ikaenda.

"Lia, mama," akasema. "Niko nashika."

Nikalia mpaka nikamaliza, na mtumbwi haukupinduka.